Mashine Iliyoitwa Bibi Harusi

Wanaonijua hapa Nakuru huuliza mguu wangu uliumizwa na nini. Wengi nimewajibu kwamba ni lori, kwa sababu lori halina maswali mengi. Leo naandika ukweli, na mwenye kuudhika na audhike. Majina sitaandika. Si kwamba nimeyasahau. Nayajua yote, hata ya baba zao. Lakini watu hao wana watoto, na watoto hawakuwa shimoni. Nitawataja kwa kazi zao: meneja, nyapara na fundi wa mashine. Hao watatu ndio waliomuua ndugu yangu mkubwa. Nimesema, na sirudi nyuma.

Baba yetu alikuwa mtu wa reli. Alitoka kwetu magharibi akiwa kijana, na sisi tukalelewa kwenye landi, nyumba za wafanyakazi wa reli hapa mjini, chumba kimoja familia nzima, moshi wa injini ukiingia dirishani na kulalia nguo. Mimi niliishia darasa la pili. Ndugu yangu alifika la nne, na kwa hilo alijiona mkubwa wa wilaya. Hata nikimwuliza kibiriti kiko wapi, alijibu, "Vizuri, umemwuliza aliyesoma."

Wakati wa Hali ya Hatari, serikali ya mkoloni ikipigana na Mau Mau, tuliandikwa kazi kwenye machimbo ya mawe tuliyoyaita shimo, juu ya njia ya kwenda Subukia. Mafundi wa zamani wa pale walikuwa Wakikuyu, na serikali ilikuwa imewazoa kwa malori, wao na wake zao na kuku wao, ikawarudisha kwenye rizavu, maeneo waliyotengewa. Tulikuta vibanda vyao bado vina majivu jikoni. Walibaki wazee wachache tu, na hao ndio waliotufundisha kukata.

Jiwe zuri halikuwa juu. Juu kulikuwa na udongo, halafu mwamba mbovu uliomeguka kama mkate wa jana, na chini yake ndiko lilikokaa jiwe la kujengea, la kijivu, laini likiwa bichi, gumu likishapigwa na upepo. Kwa hivyo tulilifuata ndani ya mlima kama fuko. Tulichimba mapango ambayo mtu mrefu aliingia ameinama, tukakata kwa sururu na tindo, tukavuta mawe nje kwa ubao wenye kamba.

Kila pango lilikuwa na mti wa makoti. Wazee walituonyesha huo mti kabla ya kutuonyesha jiwe. Ni gogo lililosimikwa mlangoni, limepigiliwa misumari mirefu. Anayeingia anavua koti, anatundika. Koti likiwa pale, ujue mtu yuko ndani. Ukitoka, hata kama ni kwenda haja ndogo, unalivaa. Jua la mchana linachoma, wewe uko ndani ya koti kuukuu la jeshi, jasho linatiririka, unakunywa uji. Asiye na koti alitundika gunia. Hakuna aliyeingia bila kuacha kitu kwenye msumari.

Akina mama waliotuuzia uji walitucheka sana.

"Nyinyi watu wa mawe mna malaria?"

"Tuna adabu, mama," ndugu yangu aliwajibu. "Ama ulitaka tukuoneshe vifua, halafu mzee wako aje na rungu?"

"Kifua gani hicho? Hata kuku ana kikubwa!"

Walimpenda. Yeye ndiye alijaziwa kikombe mara ya pili.

Halafu meneja, mzungu mmoja mwembamba asiyeacha kuangalia saa, akapata kandarasi ya kokoto za barabara. Mawe ya kukatwa kwa mkono hayakumtosha tena. Akaleta mashine. Ilifika stesheni ya Nakuru kwa treni, vipande vipande, na baba yangu alikuwa kati ya watu walioishusha. Kuipandisha mlimani ilikuwa ni vita. Ilipofungwa yote ikasimama, tuliacha kazi tukaitazama midomo wazi. Ilikuwa na nyumba ya bati juu yake, yenye madirisha, na nyumba nzima ilizunguka huku na huku kama kichwa cha bundi. Miguu ilikuwa minyororo ya vyuma vipana. Mbele ulitoka mkono mrefu uliovutwa kwa waya nene, na mwisho wa mkono ndoo yenye meno, kubwa hata wanaume wakasimama ndani wakapigwa picha. Meneja na rafiki zake walipigwa humo, glasi mikononi.

Jina alilitoa ndugu yangu. Aliona jinsi ilivyopakwa mafuta kila asubuhi, ilivyosawazishiwa njia isije ikajikwaa, na watu wazima walivyokimbia wakiulizana kama imekula au haijala.

"Hii ni bibi harusi," alisema. "Tazama mwendo wake. Haraka hana, na sisi wote ni wapambe."

Jina likashika. Hata fundi aliyeiendesha, Kalasinga wa kilemba cha buluu, alifika asubuhi akiuliza, "Bibi harusi nakula dizeli?" Sitasema uongo, mimi pia ilinipendeza. Ndoo yake moja ilikuwa kazi ya genge letu tangu kuingia mpaka kutoka. Ilipouma mwamba, nilisikia ardhi ikitetemeka mpaka kwenye magego.

Kosa la kwanza ni la meneja, na naliandika hapa. Alitaka vyote viwili. Mashine iutafune mlima kutoka juu, na sisi tukate chini ya mlima huohuo. Angefunga mapango, mashine ikabaki peke yake, hakuna mtu angekufa. Tulipolalamika alitoa amri moja tu: fundi asichimbe juu ya pango lenye makoti. Basi fundi alichungulia chini kutoka dirishani mwake, akiona makoti, alihamia upande mwingine. Kwa muda ikaenda hivyo.

Kosa la pili ni la nyapara. Huyo alikuwa mgeni kwa mawe. Alitoka kwenye shamba la ng'ombe la mzungu mwingine, alikokuwa akisimamia wakamuaji, na shimoni alikuja na filimbi yake ileile. Alipiga filimbi tukianza kazi, akapiga tukikohoa. Kitu kimoja tu alikiogopa, askari.

Siku hizo askari walikuja bila taarifa kukagua karatasi zetu. Karatasi tuliziweka kwenye mfuko wa ndani wa koti, maana pangoni maji yalidondoka na jasho lingeziharibu. Asubuhi ile walifika wakataka watu wote watoke wapange mstari. Nyapara akaona kazi itasimama na meneja atamfokea. Akajifanya mwerevu.

"Hakuna haja ya kuwasumbua, effendi. Karatasi zao ziko kwa makoti. Nitawaletea."

Akapita pango baada ya pango, akayakusanya makoti yote mikononi kama mtu anayeanua nguo mvua ikija, akayapeleka kwenye veranda ya ofisi. Akina mama wa uji walimwona. Mmoja alimpigia kelele, "Nyapara, hao watu wako ndani!" Akamjibu, "Uza uji wako." Na juu kwa fundi hakwenda kusema neno. Yule aliyepigia filimbi kikohozi, siku ile filimbi ilikaa mfukoni.

Ndani hatukujua lolote. Ndugu yangu alikuwa mbele kabisa, anakata. Mimi nilikuwa navuta ubao wenye jiwe kuelekea mlangoni, na jiwe lilikuwa zito, nikasimama kupumua.

"Vuta, mzee," akaniambia. "Likikushinda sema nikuitie mama."

Nikavuta. Nikasikia lile tetemeko kwenye magego, na vumbi likadondoka shingoni.

"Bibi harusi anacheza karibu leo," nikamwambia.

"Wacha woga. Si makoti yako nje?"

Sikumwona tena. Paa lilishuka kati yetu. Mimi nilikuwa nimekaribia mwanga, likanikamata mguu huu. Wenzangu waliinua mwamba kwa mtaimbo wakanivuta nje, nikalazwa chini mbele ya pango, vumbi limenijaa kinywani kama unga.

Na hapo ndipo sote tulimsikia. Nyundo juu ya jiwe, polepole. Halafu sauti yake, imetoka kwenye ufa mdogo.

"Niko kwa kona! Miguu ninayo yote!" Akagonga tena. "Huyo mdogo wangu yuko?"

"Yuko!" wakamjibu.

"Mwambieni asilie kama msichana."

Watu walicheka, wengine huku machozi yanatoka. Wakaingia kuchimba kwa mikono na sururu, wakipokezana mawe kwa mstari. Kila mmoja aliona kwamba inawezekana. Jiwe lilikuwa limelala vizuri pembeni, na wangemfikia kabla ya jua kushuka.

Lakini mashine ilikuwa bado juu. Ilikuwa imesimama pale pale palipobonyea, na ufa mrefu umepita chini ya mnyororo wake mmoja. Fundi alikuwa ameruka chini, amekaa kwenye nyasi ameshika kichwa.

Meneja alifika na gari lake. Nilikuwa nimelala chali, nikamwona uso vizuri. Hakuangalia pangoni. Aliangalia juu.

"Toa mashini!" akasema. "Upesi, toa mashini kwanza!"

Nikajiinua kwa viwiko. "Bwana, ikisogea mlima utashuka. Kuna mtu ndani. Anaongea, msikilize mwenyewe."

"Mimi najua iko mtu. Mashini ikianguka, kazi kwisha, watu yote rudi nyumbani. Mashini kwanza, halafu mtu."

Fundi akasimama. Nitampa haki yake, alijaribu. "Bwana, ngoja kidogo. Hawa nakaribia toa yeye."

"Wewe nataka kazi ama hapana taka?"

Fundi akatazama chini. Akapanda.

Ndipo nyapara akaikumbuka filimbi yake. Aliipiga mpaka mishipa ya shingo ikasimama, akiwafukuza watu mlangoni mwa pango. Walikataa. Mmoja alimtupia jiwe. Askari, ambao walikuwa bado wanakagua karatasi zetu pale veranda, waliteremka na marungu wakawasukuma. Ndugu yangu aliendelea kugonga. Nafikiri aliona mawe hayaondolewi tena, kwa sababu aliita, "Mbona kimya? Mmeenda kunywa uji?"

Injini ikawaka. Mashine ikazungusha kichwa, ikainua mkono, ikaanza kurudi nyuma kwa ile miguu yake. Mlima haukupiga kelele kama unavyodhani. Ulikaa tu, kama mtu mzito anavyokaa kitini, halafu vumbi likatoka. Lilipotulia hakukuwa na pango wala mlango wa pango. Tulisikiliza. Nyundo haikugonga tena. Mashine ilikuwa imesimama mahali salama, haina hata mkwaruzo.

Hospitalini walinifunga mguu ukaunga vibaya. Baba alikusanya wenzake wa reli, wakaja siku yao ya mapumziko na sepetu zao, wakafukuzwa getini. Meneja alitoa amri kwamba ile kona ni hatari, hakuna kuigusa.

Kwetu, mtu akipotelea mahali asionekane, akaliwa na maji au akafia vitani, wazee hukata mgomba, wakauvika sanda, wakauzika nyumbani mahali pake, ili mambo yaishe. Wazee walisafiri kutoka kwetu mpaka landi kumwambia mama hivyo. Waliongea kwa upole, wamevua kofia. Mama aliwasikiliza mpaka mwisho.

"Mgomba sikuuzaa," akasema. "Huo ni wa mtu aliyepotea. Mtoto wangu hajapotea. Anajulikana alipo. Mnileteeni."

Walikunywa chai wakaondoka.

Kwa ajili ya maneno hayo nilirudi shimoni. Majirani walisema sina haya, nakula kwa mikono iliyomzika ndugu yangu. Wacha waseme. Kwa mguu huu sikuweza kukata mawe, nikapewa kazi ya kuipaka mashine grisi. Ndiyo, mimi. Kila asubuhi nililala chini ya tumbo lake nikailisha grisi kwenye viungo, nikijua kwamba siku moja mwamba wa pande zote utaisha na lazima warudi kwenye ile kona. Nilitaka siku hiyo niwe nimesimama pale ndoo itakapoinuka. Basi. Sikutaka kitu kingine duniani.

Fundi alijua. Siku moja tukiwa chini ya kivuli cha mashine nilimwuliza.

"Ilikuwa saa ya kazi. Ulifikiri sisi sote tuko wapi?"

"Mimi naona misumari tupu. Naona askari. Mimi fikiri nyinyi naitwa kwa karatasi. Bwana napiga kelele, lori nangoja." Halafu akalia. "Ilifaa mimi shuka uliza. Mimi hapana shuka."

Machozi yake sikuyataka. Chai aliyonimiminia niliinywa. Aliniapia kwamba tukifika kona ile atazima injini aniite kabla ya kuchota.

Kila mwisho wa mwezi nilikwenda landi. Mama hakunisalimu kama zamani. Alisimama mlangoni akaniuliza kwanza, "Wamefika?"

"Bado, Mama."

Ndipo aliponipisha niingie, akaniwekea chakula. Iliendelea hivyo mpaka nywele zake zikabadilika rangi, na jibu langu halikubadilika. Nilianza kuogopa ule mlango.

Halafu Jumamosi moja nyapara, ambaye hakuwahi kumpa mtu ruhusa hata ya msiba, alinijia akitabasamu.

"Wewe umefanya kazi sana. Nenda kamsalimie mama, na Jumatatu pia pumzika."

Nikamshukuru. Hilo ndilo linaloniuma mpaka leo, kwamba nilimshukuru yule mtu, kwa mikono miwili.

Niliporudi, ile kona haikuwepo. Ukuta ulikuwa umekatwa wima, mweupe, safi, alama za meno ya ndoo zimepangana toka juu mpaka chini. Walifanya kazi Jumapili, siku ambayo hatukuwa tukifanya kazi. Nikapanda kwa fundi nikichechemea, nikamkuta anapangusa kioo kilichokuwa safi tayari.

"Uliniapia."

"Bwana nasema kama wewe iko hapa, tasimamisha kazi siku nyingi, tapiga kelele, takuja serikali."

"Uliona nini?"

"Mimi naangalia juu. Mimi naangalia waya tu."

Nikashuka kwa mtu wa mashine ya kusaga kokoto, ambamo mwamba wote wa ndoo ulipitia, kijana wa kwetu tuliyeandikwa naye kazi. Huyo hakuweza kunidanganya. Alijaribu kunipita, nikamshika shati.

"Kuna kitu kilipita?"

"Ndugu, wacha tu."

"Kilipita?"

"Kitambaa," akasema. "Na kiatu. Na... wewe, wacha. Niliinua mkono wasimamishe. Nyapara akaniambia ni takataka za zamani, endelea. Meneja alikuwa amesimama hapo hapo nyuma yake, na saa yake. Mimi nikaendelea. Nina watoto."

Akanionyesha rundo. Sehemu kubwa ilikuwa imekwisha kupakiwa. Nilipiga magoti nikatafuta kwa mikono mpaka vidole vikatoka damu, na yeye akaja kunisaidia, lakini kokoto ni kokoto. Mwisho nikajaza gunia moja kutoka pale aliponiambia. Nilifikiri, pengine katika hizi kuna kitu. Pengine itatosha. Tutalipeleka kwetu, tulivike sanda, mama aone kaburi.

Nikalibeba mpaka landi. Mama alikuwa mlangoni, lakini alipoona gunia hakuuliza swali lake. Alirudi ndani akatandika kitenge chake kizuri sakafuni. Baba alivua kofia. Nikalitua, nikalifungua, na mama akapiga magoti akaingiza mkono mpaka kiwiko. Alikaa hivyo muda mrefu, anapapasa polepole, macho ameyafumba, kama anavyotafuta jiwe kwenye mchele. Akatoa mkono. Ulikuwa mweupe wa vumbi.

"Walifika lini?" akauliza.

"Jumapili."

"Na wewe ulikuwa hapa, unakula."

"Ndiyo, Mama."

Hakunilaumu. Alikunja kitenge chake, akakipiga vumbi mlangoni, akakirudisha sandukuni.

"Rudisha kazini," akasema. "Hizi ni za wenyewe."

Baba akaivaa kofia yake. Kwa hivyo nikalifunga gunia nikapanda nalo njia ya Subukia tena. Getini nyapara alinisimamisha, akaligonga kwa fimbo.

"Siku hizi tunaiba kokoto?"

"Narudisha."

"Unarudisha? Haya. Mwaga pale na zingine, mimi nikiona."

Nikamwaga, yeye akiona. Zikateremka upande wa rundo, zikachanganyika, na nilipoinama kuzitafuta sikuweza kujua ni zipi.